Pikapu Iliyoacha Kuvuma

Mama Kioo alikuwa ameinamia meza, almasi ya kukatia imefika katikati ya kioo, pikapu ilipoingia uani bila kujitangaza. Alipoinua kichwa aliikuta imeshasimama mlangoni pa karakana, na dereva anashuka. Mkono ukateleza. Kioo kikakatika upande, kikawa si cha mteja wala si cha duka.

"Wewe, umetokea wapi?"

"Barabarani," alisema Kimya, akaenda kunawa mikono.

Mweleze mtu ambaye hajaishi na pikapu ile kwamba hilo ni jambo la kushtua, atakucheka. Lakini pikapu ile ilikuwa na tabia yake. Injini yake ilikuwa kubwa, ya silinda nane, na walioiunda waliipa akili ya kibahili: dereva akilegeza mguu kwenye njia tambarare, silinda nne zinalala ili mafuta yasiliwe bure, na nne zilizobaki macho zinabeba mzigo wote kwa kunung'unika. Mahali pa kulegeza mguu palikuwa kwenye ukuta mrefu wa shule, kabla ya kona ya karakana. Pikapu ikifika pale ilishusha sauti, ikavuma kwa chini, mvumo unaousikia kifuani kabla ya masikioni. Vioo vilivyosimamishwa kwenye rafu ndivyo vilivyoanza kuitikia. Vilitetemeka, tii, tii, tii, na miaka yote hiyo ndivyo Mama Kioo alivyojua mumewe anarudi. Aliweka almasi chini, akajifuta vumbi usoni, akatoka mlangoni.

Sasa mumewe alikuwa marehemu. Moyo ulimsimama usingizini, mwaka uliopita, hata kuaga hakuaga. Ikabaki pikapu, ikabaki karakana, na mdogo wa marehemu akaja kushika usukani, kwa kuwa Mama Kioo hakujua kuendesha na wateja wa vioo hawasubiri mtu amalize kulia. Huyo ndiye Kimya. Jina hilo alipewa na watu, na walimpa kwa haki. Ukimsalimu asubuhi, jibu analileta mchana. Hata hivyo, tangu ashike usukani pikapu iliendelea kuvuma pale ukutani kama zamani, jioni baada ya jioni. Leo imenyamaza. Kesho yake ikanyamaza tena, na keshokutwa.

"Gari si mlevi," Mama Kioo alijiambia, "liamke siku moja liseme nimeacha."

Akaanza kutazama. Na mtu akianza kutazama, haachi kuona. Siku alizopanda kwenda kupima madirisha ya watu aliona mshale wa mafuta unashuka upesi kuliko alivyouzoea. Aliona Kimya anatoka nje kila simu yake inapolia. Alisikia kwamba ameonekana gereji kwa Daktari, fundi wa magari wa mtaa wa pili, na yeye mwenyewe hakusema kwamba alikwenda huko. Mambo hayo hayo mwezi uliopita yangekuwa ya kawaida kabisa. Sasa kila moja lilikuwa na mkia.

Chumba cha pili kutoka karakana kilikuwa na mshonaji aliyeitwa Redio, kwa sababu hajawahi kuonekana kitufe cha kumzima. Alikuja na futi yake shingoni, akaegemea mlango.

"Mama Kioo, mimi simo," alianza, na wote wanaoanza hivyo huwa wamo hadi shingoni. "Mimi simo, lakini hiyo injini siyo yenu."

"Siyo yetu vipi?"

"Imebadilishwa. Wameng'oa nzima, wakakuwekea nyingine choka mbaya. Sikiliza mlio. Tazama mafuta. Mimi nilikuwa na jirani, alipeleka gari gereji likiwa na injini, akarudishiwa boneti."

"Kimya hawezi."

"Nimemtaja Kimya? Nimetaja injini." Redio akashusha sauti, ingawa uani hapakuwa na mtu. "Lakini nani anayeipeleka kwa Daktari? Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Tena kikulacho ki nguoni mwako, na mambo ya nguo niulize mimi." Alipokuwa anaondoka akakumbuka jambo. "Ukihitaji dereva, mpwa wangu yupo tu nyumbani. Leseni yake inaota ukungu."

Mchana ule Kimya alipokwenda kula, Mama Kioo alifungua boneti. Alikuwa anatafuta kitu kimoja. Zamani mumewe aliacha tyubu ya silikoni ya kubandikia vioo juu ya injini akiongeza maji, ikapasuka kwa joto, ikaacha donge jeupe lenye umbo la sikio kwenye kifuniko. Donge lilikuwepo. Aliligusa kwa kidole, akashusha pumzi, akamwonea hata huruma shemeji yake wa watu. Kisha akafanya kosa la kumsimulia Redio.

"Kifuniko?" Redio akacheka kwa masikitiko. "Mama, kifuniko ni skrubu tu. Mwizi anayeijua kazi yake anakurudishia kifuniko ili ulale."

Basi hakulala.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Vioo havibebwi kichwani. Bila pikapu karakana inafungwa, na karakana ndiyo iliyokuwa imemshika Mama Kioo asianguke tangu mazishi. Kadi ya gari bado ilikuwa na jina la marehemu. Ndugu akitaka kusema gari ni la kaka yangu, nani atamziba mdomo? Alikuwa amesikia ya wajane wengi, na katika hadithi zote hizo mwovu hakuwa mtu baki. Alikuwa shemeji. Tena shemeji mpole, kwa maana akufukuzaye hakwambii toka.

Siku chache baadaye kalamu yake ya kuchorea vioo iliangukia ndani ya gari. Aliinama kuitafuta chini ya usukani, na hapo akaona taa ya kijani. Ndogo, inapepesa kama jicho la paka. Ilikuwa kwenye kidude cheusi, ukubwa wa kiberiti, kilichochomekwa pale mafundi wanapochomeka mashine yao ya kupimia gari. Mumewe hakuwahi kuwa na kidude kama hicho. Mama Kioo alibaki ameinama mpaka damu ikamjaa kichwani.

Alikwishasikia habari za vidude hivyo. Unakificha ndani ya gari, na popote linapokwenda wewe unaliona kwenye simu. Na nani anayelifuatilia gari, kama si mwenye gari? Kwa hiyo Kimya ameshajifanya mwenye gari. Hakuhitaji Redio kumalizia hesabu hiyo. Alikichomoa, taa ikafa, akakitia kwenye mfuko wa aproni.

Hakusema neno. Alitaka kumwona akikitafuta.

Kesho yake Kimya aliondoka asubuhi kupeleka madirisha. Mama Kioo alishinda mezani, mkono mmoja kazini, mwingine ukigusa mfuko kila mara. Jioni vioo vikatetemeka. Tii, tii, tii. Ule mvumo ukaja kutoka ukutani, ukampita kifuani, na kabla hajakumbuka chochote alikuwa ameshaweka almasi chini, ameshajifuta uso, ameshafika mlangoni. Hakufikiri. Miguu ilijipeleka yenyewe.

Pikapu ikakata kona, na kwenye usukani alikuwa Kimya. Angekuwa nani mwingine?

Alizima injini, akabaki ameinama, mkono chini ya usukani, anapapasa. Alipapasa kwa muda. Kisha akashuka, akapita mbele yake macho yakiwa chini, kama mtu anayeogopa kutazama jua.

"Kuna kitu umepoteza?" Mama Kioo aliuliza.

Kimya akafikiri. "Labda kuna kitu kimeanguka."

"Kitu gani?"

"Kidogo tu, shemeji."

Hilo "kidogo tu" lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Mtu asiye na hatia angetaja kitu. Angeuliza, angefoka, angelaumu wezi wa mtaani. Huyu hata machoni hakuweza kumtazama. Usiku ule ule alimwambia Redio amlete mpwa wake wiki ijayo. Kulikuwa na kazi moja tu iliyobaki, kioo cha mbele cha bekari mpya. Wakishakiweka, Kimya atafute pa kwenda.

Kioo cha bekari kilikuwa kikubwa, cha watu wawili. Hapa lazima nieleze jinsi kioo cha watu wawili kinavyobebwa, kwa maana anayedhani ni kunyanyua na kwenda atajikata vidole. Kinasimamishwa wima, mmoja mbele, mmoja nyuma. Wa mbele anatembea kinyumenyume, kioo kimejaa mikononi, wala hatazami anakokwenda. Akigeuza shingo, bega linageuka. Bega likigeuka, kioo kinajipinda, na kioo hakina uvumilivu wa kupindwa. Kwa hiyo wa nyuma ndiye anayeona, na anachosema ndicho kinachofuatwa. "Mwenye macho ndiye mwenye mdomo," mumewe alikuwa akisema, na kwa miaka yote ya ndoa yao Mama Kioo alirudi nyuma bila kugeuka, kupanda vibaraza, kukata kona, kuingia vyumba asivyovijua.

Ndiyo kazi pekee iliyomfanya Kimya aseme. Akishika kioo, maneno yalimtoka kama mtu wa kawaida.

"Njoo. Njoo. Kushoto kidogo, shemeji. Hapo hapo. Njoo."

Mama Kioo alirudi nyuma. Mfuko wa aproni ulikuwa unamgonga paja kila hatua.

"Polepole sasa. Kuna ngazi moja nyuma yako. Nyanyua mguu."

Ngazi gani? Walipokuja kupima yeye hakuona ngazi upande huu. Aliona? Hakumbuki. Ananipeleka wapi huyu? Mtu anayekuficha kidude, atashindwa kukuficha shimo?

Akageuza shingo.

Ngazi ilikuwepo. Aliiona sawasawa, ya saruji mpya, moja tu, kama alivyoambiwa. Lakini bega lilikuwa limeshageuka. Kioo kikalia, kona ya chini ikagusa saruji, na kilichokuwa kitu kimoja kikawa vitu elfu.

Sheria ya pili ya vioo ni kwamba kikianguka, kiache. Rudi nyuma, inua mikono, usidake kitu. Kimya alikiacha kioo, lakini yeye hakurudi nyuma. Aliruka mbele, akamkamata Mama Kioo aproni na kumvuta pembeni, na kipande kilichokuwa kinamshukia mguuni kikapita kwenye mkono wa Kimya badala yake. Mfuko wa aproni ukachanika. Mwokaji alipotoka mbio, unga mpaka kwenye viwiko, aliwakuta wamesimama wawili wanatazama chini. Katikati ya vile vipande vinavyong'aa kulikuwa na kidude cheusi.

"Mko salama?" mwokaji aliuliza.

Mama Kioo aliinama, akakiokota.

"Kumbe unacho wewe," alisema Kimya. Hakukasirika. Ilikuwa afadhali angekasirika.

Walipomaliza kufagia na kumwahidi mwokaji kioo kingine, walikaa ndani ya pikapu. Mama Kioo akavua kitambaa chake cha kichwani, akamfunga shemeji yake mkono. Jeraha halikuwa la kushonwa, lakini lilikuwa refu.

"Sema," alimwambia, akikaza fundo. "Ni cha kunifuatilia?"

"Kukufuatilia wapi, shemeji? Huendi popote."

Ilikuwa kweli, na ikamchoma. "Basi ni cha nini?"

"Kinazuia silinda zisilale. Ukikichomeka, zote nane zinakesha. Injini ilianza kugonga, tak tak tak, asubuhi. Daktari akasema kwenye injini hizi vile vyuma vya kulaza silinda ndivyo vinavyokufa kwanza. Zikiacha kulala na kuamka, labda zitadumu. Ila mafuta itakula zaidi kidogo."

Mafuta. Mlio. Daktari. Mama Kioo aliona mashitaka yake yanaanguka moja baada ya jingine, na badala ya kufurahi akazidi kutilia shaka. Maelezo yalikuwa mazuri mno kwa kitu kilichofichwa.

"Hilo ndilo la kunificha? Wiki ijayo nilikuwa nakufukuza. Mpwa wa Redio anakuja."

"Najua. Redio ameshanipa pole."

"Ukajua, ukanyamaza?"

"Gari ni lako."

Akanyamaza tena, na Mama Kioo alikijua kimya hicho. Kilikuwa na kitu nyuma yake. Angeweza kumuuliza mpaka kesho asubuhi na angepata "kidogo tu". Ndipo likamjia wazo. Alinyoosha mikono mbele yake, viganja vimeachana, kama mtu aliyeshika ukingo wa kioo.

"Shika upande wako."

Kimya akamtazama.

"Shika. Mimi narudi nyuma, sioni kitu, na safari hii sigeuki. Wewe ndiye mwenye macho. Niambie kilichopo."

Kisha, taratibu, mkono mzima na mkono uliofungwa kitambaa ikainuka.

"Nikifika pale ukutani," Kimya alisema, "inaanza kuvuma. Nikikata kona nakuona mlangoni. Umeshajifuta uso. Unafurahi, shemeji. Unafurahi kabisa. Halafu unaona ni mimi."

Mama Kioo hakuishusha mikono.

"Kila jioni," alisema Kimya. "Kaka nilimzika mara moja. Lakini kila jioni nikawa kama nakuletea taarifa ya msiba upya. Naona ule uso unavyoanguka, na ninayeuangusha ni mimi. Daktari aliponionyesha kile kidude nikamwambia chomeka. Hata injini isingegonga, ningemwambia chomeka." Akashika vizuri upande wake. "Ningekuambiaje? Kwamba nimekuzimia sauti ya kaka? Basi. Tua kioo."

Mama Kioo akatua kioo ambacho hakikuwepo.

Mwaka mzima hakujua kwamba alikuwa na uso huo. Alidhani anatoka mlangoni kupokea fremu tupu za kubebea vioo na kufunga geti. Aibu ilimpanda, ikafuatiwa na uchungu, na nyuma ya uchungu lilikuja jambo lililomuuma kuliko yote mawili: kijana huyu naye alikuwa amefiwa, na hakuna mlango hata mmoja duniani uliofunguka kwa furaha kwa sababu yeye amefika.

"Twende," alisema. "Kidude ninacho mimi. Usikichomeke kwanza."

Pale ukutani pikapu ikashusha sauti. Mvumo ukawajaa wote wawili kifuani. Mama Kioo alifumba macho akausikiliza wote, tangu pembe ya kwanza ya ukuta mpaka ya mwisho, akalia bila kujificha. Kimya aliangalia barabara.

Uani Mama Kioo akashuka. "Rudi mpaka mwanzo wa ukuta," alimwambia, "halafu uje."

Kimya hakuuliza. Pikapu ikatoka. Mama Kioo akaingia karakana, akasimama karibu na meza. Tii, tii, tii, vioo vikaanza. Akajifuta uso, safari hii kwa sababu ulikuwa umelowa. Akatoka mlangoni, na kila hatua alijiambia jina la anayekuja. Pikapu ikakata kona. Aliyekuwa kwenye usukani alikuwa Kimya, na Mama Kioo akamtazama, tangu alipozima injini, alipofungua mlango kwa mkono wa kushoto, mpaka aliposimama mbele yake na hakuwa tena na pa kupeleka macho.

"Karibu, shemeji," alisema.

Tangu mazishi hakuwa amemwambia neno hilo.

Akakitoa kile kidude, akakiweka kwenye kiganja chake kizima. "Kachomeke. Mwache kaka yako apumzike. Na kuanzia kesho ukifika pale ukutani, piga honi. Nijue ni wewe."

Kimya akafikiri, kama ilivyo kawaida yake. Kisha akarudi kwenye gari, akainama chini ya usukani, na ile taa ya kijani ikawaka. Hakungoja kesho. Alipiga honi pale pale uani, pikapu imesimama, honi ndefu isiyo na sababu, mpaka Redio akatoka mbio na futi yake shingoni.

"Kuna nini? Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu," alisema Mama Kioo. "Shemeji yangu amefika."